Washington ni jina la nani? Kisa cha ubini mmoja wa Kiingereza

Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 iliwakuta watu 163,036 wenye ubini wa Washington. Tisa katika kila kumi walikuwa weusi. Wazungu hawakutimia 9,000. Katika majina yote ya ukoo yaliyoenea nchini humo, hakuna jingine lililofikia kiwango hicho. Hata Jefferson, linalolifuata, lilikuwa na weusi robo tatu tu. Smith, Johnson na Williams yana weusi wengi mno, lakini hayo ni majina ya kila mtu. Washington ni jina la weusi, na papo hapo ni jina la yule mzungu aliyechorwa kwenye noti ya dola moja.

Hicho ndicho kisa chenyewe. Jina lilizaliwa katika kijiji cha kaskazini mwa Uingereza, likapanda cheo hadi likawa jina la mji mkuu na la jimbo zima, kisha wengi wanaolibeba leo ni wajukuu wa watu waliouzwa mnadani. Imekuwaje?

Jibu linalowajia watu upesi ni kwamba George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, alimiliki watumwa, watumwa wakabandikwa jina la bwana wao, wakazaana, basi. Linaingia akilini, na nadhani ndiyo sababu watu hawajisumbui kulichunguza. Ukilipeleka kwenye hesabu, linaanguka.

Bahati nzuri, Washington alikuwa mtu wa daftari. Mwaka 1799, miezi michache kabla ya kufa, aliketi akaorodhesha kila mtumwa aliyekuwa kwenye mashamba yake ya Mount Vernon, Virginia: jina lake, kazi yake, mume au mke wake, na ni mali ya nani. Jumla walikuwa 317. Wake mwenyewe walikuwa 123. Wengine 153 walikuwa wa mirathi ya Daniel Parke Custis, mume wa kwanza wa mkewe Martha. Hao aliwatumikisha, lakini kisheria hakuweza kuwauza wala kuwaacha huru. Waliobaki, kama 40 hivi, alikuwa amewakodi, karibu wote kutoka kwa jirani. Alifariki tarehe 14 Desemba mwaka huohuo. Wosia wake uliagiza kwamba watumwa wake waachwe huru Martha atakapofariki, isipokuwa mmoja, William Lee, aliyekuwa naye bega kwa bega miaka yote ya vita ya uhuru dhidi ya Uingereza. Huyo alipewa uhuru papo hapo na dola 30 kwa mwaka. Martha hakungoja kifo. Aliwaachilia tarehe 1 Januari 1801, na si kwa huruma tupu: fikiria kulala katika nyumba iliyozungukwa na watu zaidi ya mia ambao uhuru wao unasubiri wewe uvute pumzi ya mwisho.

Sasa tazama majina. William alikuwa Lee. Binti aliyewatoroka Philadelphia mwaka 1796, akaishia New Hampshire bila kurudi, alikuwa Ona Judge. Kijana aliyekuwa chumbani bwana alipokata roho alikuwa Christopher Sheels. Walioachwa huru na kubaki jirani na Mount Vernon walijulikana kwa majina kama Anderson na Quander. Kati ya majina ya ukoo ya watu wa shamba lile yanayofahamika zaidi, Washington halionekani, isipokuwa kwa mtu mmoja, naye anastahili nafasi yake peke yake huko chini. Wale 153 wa Custis waligawiwa wajukuu wa Martha mwaka 1802, wakasambazwa.

Hata tukikubali, kwa ajili ya mjadala, kwamba wote 123 walichukua jina la bwana, bado ni tone baharini. Sensa ya 1790 ilihesabu karibu watumwa 700,000 nchini Marekani. Ya 1860 ilihesabu karibu milioni 4. Ni kweli kaka wa Rais, wapwa na binamu zake nao walikuwa na mashamba na watumwa, na bila shaka baadhi ya akina Washington weusi chimbuko lao ni huko. Lakini jina limetapakaa Georgia, Alabama, Louisiana na Texas, kwenye mashamba ambayo hakuna Washington mweupe aliyewahi kuyakanyaga.

Kuna nusu ya pili ya fumbo ambayo husahaulika: kwa nini wazungu ni wachache hivyo? Asilimia tisini ni uwiano, na uwiano unaweza kutokana na upande mmoja kuwa mwembamba kadiri ileile upande wa pili ulivyo mnene. George mwenyewe hakupata mtoto. Na nyuma yake ukoo haukuwa mkubwa tangu mwanzo.

Mwanzo wenyewe uko Durham. Kabla ya mwaka 1183, mwungwana mmoja aitwaye William de Hertburne alibadilishana ardhi na askofu wa Durham: alitoa Hertburn, akapewa Wessyngton, ng'ambo ya mto Wear. Kama ilivyokuwa desturi ya tabaka lake, alijiita kwa mahali alipomiliki. Kwa hiyo hata huyu wa kwanza kabisa hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kwa kuhama. Baadaye tawi moja lilishuka Lancashire, kisha Northamptonshire, ambako Lawrence Washington, mfanyabiashara wa sufu aliyewahi kuwa meya wa Northampton, alinunua shamba la Sulgrave mwaka 1539, baada ya Mfalme Henry VIII kuyavunja makao ya watawa na kuziuza ardhi zao. Kitukuu chake, Lawrence mwingine, alikuwa kasisi wa Purleigh, Essex. Mwaka 1643, wakati wa vita kati ya Mfalme na Bunge, alifukuzwa katika parokia yake kwa mashtaka ya kushinda vilabuni. Maadui zake walikuwa na sababu zao za kisiasa, kwa hiyo siwezi kuapa juu ya pombe ile. Umaskini uliofuata ni wa kweli, na mwanawe John akaona afadhali bahari. Alifika Virginia mwaka 1657 kwenye meli iliyokuja kupakia tumbaku, meli ikakwama katika mto Potomac, naye akabaki. Alimwoa binti wa tajiri, akapewa ekari 700. George ni kitukuu cha huyo John.

Na huyo John ndiye aliyeliachia jina kumbukumbu ya kwanza mbaya kwenye ardhi ya Amerika. Mwaka 1675 alikuwa miongoni mwa maofisa walioongoza wanamgambo wa Virginia dhidi ya watu wa Susquehannock. Machifu watano waliotoka kuzungumza amani waliuawa. Wenyeji wakampa jina la Conotocarious, yaani mla miji. Miaka karibu themanini baadaye, mwaka 1753, George akiwa kijana wa miaka 21, kiongozi wa wenyeji bonde la Ohio alimpa jina lilelile, kama vile linarithiwa pamoja na ardhi. Naye alilitia ukweli: mwaka 1779, kwa amri yake, jeshi la Jenerali Sullivan lilichoma vijiji takriban 40 vya watu wa Iroquois pamoja na mahindi yao shambani. Mwaka 1790 chifu Cornplanter wa Seneca, taifa mojawapo la Iroquois, alimweleza Rais ana kwa ana, kupitia hotuba iliyoandikwa, kwamba jina hilo likitajwa wanawake wao bado hugeuka kutazama nyuma na watoto hung'ang'ania shingo za mama zao. Wanaouliza Washington ni jina la nani wangewauliza na Waseneca.

Turudi kwa yule mmoja wa Mount Vernon.

Harry

Alizaliwa karibu mwaka 1740 upande wa mto Gambia, Afrika Magharibi. Washington alimnunua mwaka 1763 akampeleka Great Dismal Swamp, kinamasi kikubwa kwenye mpaka wa Virginia na North Carolina ambacho yeye na washirika wake walitaka kukikausha wapate ardhi. Baadaye alihamishiwa Mount Vernon, akawa mtunza farasi. Mwaka 1771 alitoroka, akakamatwa baada ya wiki chache. Novemba 1775, gavana wa Kiingereza wa Virginia, Lord Dunmore, alitangaza kwamba mtumwa wa mwasi yeyote atakayekuja kupigana upande wa Mfalme atakuwa huru. Harry aliondoka mwaka 1776, safari hii bila kurudishwa, akawa koplo katika kikosi cha Black Pioneers.

Basi kulikuwa na akina Washington wawili kwenye vita moja, kila mmoja upande wake, na kila mmoja akidai anapigania uhuru. Ukinilazimisha kusema nani alilitumia neno hilo kwa usahihi zaidi, nitamchagua mtunza farasi.

Vita ilipokwisha, Mei 1783, Jenerali Washington alikutana na kamanda wa Waingereza, Guy Carleton, akadai watumwa waliotoroka warudishwe. Carleton alikataa: waliahidiwa uhuru, na ahadi ya Mfalme haivunjwi. Alichokubali ni kuwaandika kwenye daftari, ili kama italazimu kulipa fidia hesabu ijulikane. Daftari hilo lina majina ya watu karibu 3,000, na ndani yake yumo Harry Washington, umri miaka 43, aliyekuwa mali ya Jenerali Washington, aliyemwacha miaka 7 iliyopita. Alipanda meli ya L'Abondance kutoka New York kwenda Nova Scotia.

Huko Birchtown waliahidiwa ardhi wakapewa mawe na baridi. Mwanzoni mwa 1792 yeye na wenzake karibu 1,200 walipanda meli 15 kuelekea Sierra Leone, wakaanzisha Freetown. Kampuni iliyowapeleka, ya wapinga utumwa wa London, iliwaambia hawatatozwa kodi ya ardhi, kisha ikawatoza. Walilalamika miaka kadhaa. Septemba 1800 waliasi, wakatangaza sheria zao wenyewe. Uasi ulizimwa kwa msaada wa askari waliotoka kushushwa bandarini pamoja na Wamaroon wa Jamaika, kizazi cha watumwa waliotoroka. Wawili walinyongwa. Harry alifukuzwa kwenda pwani ya Bullom, ng'ambo ya mto, akawa mmoja wa viongozi wa wahamishwa huko.

Kodi wasiyoikubali, wakubwa walioko London, watu walioamua kujitawala: mpangilio ni uleule wa 1776, ila huyu Washington alishindwa, na bwana wake wa zamani alikuwa ameshazikwa miezi tisa kabla.

Kwa nini alilibeba jina? Makarani wa Kiingereza walikuwa na mazoea ya kumtambulisha mtoro kwa jina la aliyemtoroka, kwa hiyo huenda lilianza kama alama ya kumtambua tu. Lakini alikuwa na miaka mingi ya kulitupa, Birchtown na Freetown, mbali na kila Mvirginia, na hakulitupa. Sioni mapenzi hapo. Naona mtu aliyejua kwamba jina kubwa ni mali, na kwamba mali ya bwana, kama farasi wake, huweza kuchukuliwa.

Washington mwingine aliigusa Afrika Magharibi kwa njia iliyopishana kabisa na ya Harry. Bushrod Washington, mpwa wa Rais na jaji wa Mahakama ya Juu, ndiye aliyerithi Mount Vernon. Tangu mwishoni mwa 1816 chama kiliundwa cha kuwahamishia Afrika weusi waliokuwa huru, chama kilichokuja kuizaa Liberia, na Bushrod alikuwa rais wake wa kwanza hadi alipofariki mwaka 1829. Wakati akiongoza chama hicho, mwaka 1821, aliuza watumwa 54 wa Mount Vernon kwenda Louisiana. Walipomshutumu magazetini, alijibu kwamba ni mali yake na sheria iko naye. Ukifika Monrovia leo, bandari kuu iko kwenye kisiwa cha Bushrod, kilichopewa jina lake. Harry, aliyevuka bahari kurudi barani kwao na kuasi kwa ajili ya haki, sijui kisiwa kilichopewa jina lake.

Na Novemba 1841, kwenye meli ya Creole iliyokuwa inawapeleka watumwa 135 kutoka Virginia kwenda kuuzwa New Orleans, mtu aliyeongoza uasi aliitwa Madison Washington: majina ya marais wawili, wote Wavirginia, wote wenye watumwa. Waliiteka meli, wakaielekeza Nassau kwenye milki ya Waingereza ambako utumwa ulikuwa umekwisha. Watu 128 wakapata uhuru wao. Ni uasi uliookoa watumwa wengi kuliko mwingine wowote katika historia ya Marekani, na bado wengi wanaomjua Madison wa ikulu hawamjui huyu.

Jina la kwanza lililogeuka kuwa la mwisho

Visa hivi vinapendeza kusimulia, lakini Harry na Madison hawawezi kuzaa watu 146,000. Kazi kubwa ilifanyika baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861 hadi 1865, na ilifanyika mbele ya meza za makarani.

Watumwa wengi walikuwa na ubini wao kitambo, wakiutumia wao kwa wao na kuuficha mbele ya bwana, ambaye kwake waliishia kuwa Sally au Tom. Uhuru ulipokuja, kila ofisi ilitaka jina kamili. Jeshi la Kaskazini lilikuwa limeandikisha wanajeshi weusi karibu 180,000. Ofisi ya serikali ya kuwahudumia walioachwa huru, iliyoundwa Machi 1865, iliandikisha ndoa na mikataba ya kazi. Benki yao, iliyodumu kuanzia 1865 hadi 1874, ilifungua akaunti na mara nyingine kuuliza jina la bwana wa zamani. Na sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika watu hao wote kwa majina. Zile za 1850 na 1860 ziliwataja kwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la mmiliki. Rekodi za benki hiyo zina thamani ya pekee katika swali letu, kwa sababu zinamweka mtu na jina la bwana wake kwenye ukurasa mmoja, na mara nyingi majina hayo mawili hayafanani.

Kisa kinachojulikana kuliko vyote ni cha mvulana aliyezaliwa utumwani mwaka 1856 kwenye shamba la akina Burroughs, Hale's Ford, Virginia. Baada ya uhuru mama yake aliwahamisha hadi Malden, West Virginia, kwenye machimbo ya chumvi. Siku ya kuandikishwa shule aligundua wenzake wote wana angalau majina mawili, naye anaitwa Booker tu. Zamu yake ilipofika akajibu bila kusita: Booker Washington. Baadaye mama yake alimweleza kwamba alimwita Booker Taliaferro tangu utotoni, akalichomeka katikati. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1901.

Watu husoma kisa hiki kama heshima ya mtoto kwa Rais wa kwanza. Mimi nakisoma kwa kuangalia nani alikuwa nyumbani. Baba yake wa kambo aliitwa Washington Ferguson. Mtoto aliyeombwa jina la pili alitoa jina la mwanamume aliyemlea, jina lake la kwanza. Kwa msomaji wa Kiswahili hili halihitaji maelezo: Juma mtoto wa Hamisi ni Juma Hamisi, na karani anaandika bila kuinua kichwa. Kilichofuata ndicho cha kutazama. Kaka yake John na ndugu yao wa kulelewa, James, nao wakawa akina Washington. Ukoo ukaundwa darasani, na hakuna mzungu aliyeombwa ruhusa.

Na Ferguson alilipata wapi? Baada ya ushindi wa 1783, kumwita mtoto Washington kulikuwa mtindo wa nchi nzima. Mwandishi Washington Irving, aliyezaliwa New York mwaka huohuo wa 1783, ni mmoja wa waliopewa. Mabwana nao waliwapa watumwa majina ya mashujaa, Kaisari na Pompey wa Roma wakiwemo, nusu kwa fahari na nusu kwa kejeli. Hivyo vizazi vitatu vya weusi vilikuwa na wanaume wengi ambao Washington lilikuwa jina lao la kwanza, wakati ubini kamili wa Washington ulikuwa wa familia chache za Virginia. Makarani wa 1865 walipouliza, majina hayo ya kwanza ya baba yaliteremka yakawa ya ukoo. Kati ya maelezo yote, hili nalipa uzito mkubwa, kwa sababu ndilo pekee linaloweza kueleza jinsi jina lilivyofika Alabama na Texas bila mwenye shamba.

Wengine walilichagua kwa sifa yake, hilo halina ubishi. Wosia wa 1799 ulijulikana mapema miongoni mwa weusi huru. Wiki mbili tu baada ya kifo, tarehe 29 Desemba 1799, mhubiri Richard Allen, aliyezaliwa mtumwa na kuja kuanzisha AME, kanisa la weusi, alimsifu Washington mimbarani Philadelphia kwa kuwaacha huru watu wake. Kwa mtu asiye na ardhi wala karatasi, kuchukua jina la aliyeheshimiwa kuliko wote ni njia ya kuingia mlangoni akiwa amevaa vizuri. Na kuna waliolichukua kwa sababu walilisikia tu. Kosa ninaloliona kwa waandishi wengi ni kutafuta sababu moja kwa watu laki kadhaa walioandikwa na makarani mbalimbali, katika majimbo mbalimbali, kwa haraka.

Kutoka Tuskegee hadi Kabete

Booker ndiye aliyelipa jina maana mpya. Mwaka 1881 alifungua chuo cha Tuskegee, Alabama. Mwaka 1895 alitoa hotuba ya Atlanta iliyowafariji wazungu na kuwaudhi weusi wengi baadaye. Oktoba 1901 alikula chakula cha jioni ikulu na Rais Theodore Roosevelt, na magazeti ya Kusini yakachafuka. Shule zilizopewa jina lake zilienea Kusini kote, na mtoto mweusi aliyezaliwa na ubini huo mwanzoni mwa karne ya ishirini alikuwa na Washington wawili wa kuulizwa habari zao.

Jina hilo lilifika hadi kwetu kupitia pamba. Mwaka 1900 kamati ya Kijerumani ya uchumi wa makoloni ilimwomba Booker wataalamu wa kilimo wa kupeleka Togo. Wanne wa Tuskegee walianza kazi Lomé na Tove mwanzoni mwa 1901. Waliofuata mwaka 1902 walikutana na mawimbi ya pwani ile. Wawili walizama wakishuka. John Robinson aliyebaki alianzisha shule ya pamba, naye mto ukamchukua mwaka 1909. Kamati hiyohiyo ilisukuma pamba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani pia, na sote tunajua pamba ya lazima iliishia wapi kusini: ilianza kung'olewa Nandete, Umatumbi, Julai 1905, na Maji Maji ikawaka. Si haki kumtwika Booker mzigo huo, ambao gavana na maakida waliubeba wenyewe. Lakini aliwaamini Wajerumani kupita kiasi, na alikuwa na uzoefu wa kutosha wa shamba la pamba kujua mwisho wa kulimishwa.

Mkondo wa pili ulikuwa wa shule. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, aliyewahi kufundisha Hampton, chuo kilekile alikosoma Booker. Pamoja naye alikuwepo mwalimu James Aggrey wa Gold Coast, Ghana ya leo. Mwaka uliofuata Jeanes School ilifunguliwa Kabete, nje ya Nairobi, kufundisha walimu watakaozungukia shule za vijijini. Mfano wake ulitoka Kusini mwa Marekani, kwenye mpango uliofadhiliwa na Anna Jeanes wa Philadelphia, ambaye Booker alikuwa mmoja wa aliowakabidhi fedha. Serikali za kikoloni ziliupenda mfumo wa elimu ya mikono kwa sababu nyingi, na moja ni kwamba fundi seremala hatarajiwi kuuliza kura. Baadaye eneo lile likawa chuo cha kuandaa watawala wa Kenya huru.

Kenya yenyewe imelipokea Washington kama jina la kwanza, kama Virginia ya mwaka 1800. Marehemu Jakoyo Midiwo, mbunge wa Gem, alikuwa Washington Jakoyo Midiwo. Huko Marekani mambo yameenda kinyume: karibu hakuna tena anayelitoa kama jina la kwanza, na ubini umekuwa mweusi kiasi kwamba msanii aliyezaliwa Ruth Jones huko Tuscaloosa mwaka 1924, alipohitaji jina la jukwaani, alikuwa Dinah Washington, na hakuna aliyemdhania mzungu. Mwaka 1983 Chicago ilimchagua Harold Washington, meya wake wa kwanza mweusi.

Upande wa wazungu, ukoo uliachia mali kabla ya kuachia jina. Mwaka 1858 John Augustine Washington wa tatu aliuza Mount Vernon kwa chama cha akina mama cha kuhifadhi nyumba hiyo kwa dola 200,000. Mwaka 1859 John Brown, mpinga utumwa, alipovamia ghala la silaha la Harpers Ferry, aliyetekwa nyara pamoja na upanga wa Rais alikuwa Lewis Washington. Miaka miwili baadaye yule John Augustine aliuawa akiwa ofisa wa jeshi la Kusini. Ile nyumba ya kwanza ya Durham nayo ilikuwa imegawanywa vyumba vya kupangisha familia maskini, na katika miaka ya 1930 ikatangazwa haifai kwa makazi ya binadamu.

Kilichosalia hadharani ni nembo: mistari miwili myekundu na nyota tatu juu yake, iliyochongwa na akina Washington wa Sulgrave kwenye mlango wao. Tangu 1938 ndiyo bendera ya mji wa Washington. Mei 1977 Rais Jimmy Carter alisafiri hadi Washington ya Uingereza, wenyeji wakamshangilia kama ndugu aliyerudi kijijini. Mwaka huo, meya wa Washington ya Marekani, wa kwanza kuchaguliwa na wakazi wenyewe katika karne ile, alikuwa Walter Washington, mzaliwa wa Georgia na kitukuu cha watumwa.